Kisanduku Kitupu Baada ya Jina la Mtume

Wiki moja kabla ya darsa ya Sira katika msikiti wetu, tulikwenda kwa mchapaji kuchukua matangazo 200 tuliyokuwa tumeagiza. Karatasi zilikuwa safi, wino haukuvuja, tarehe na saa zilikuwa sawasawa. Baada ya Swala ya Alasiri tulizigawa chache mlangoni, na moja tukaibandika kwenye ubao wa matangazo. Haukupita muda mrefu, mzee mmoja wa safu ya mbele, ambaye husoma kila kinachobandikwa pale mpaka neno la mwisho, akatuita.

"Wanangu, hebu njooni. Hapa baada ya jina la Mtume mmechora nini?"

Tulisogea. Kila mahali ambapo tulikuwa tumeweka alama ya kumswalia Mtume palikuwa na kisanduku kitupu, mraba usio na kitu ndani yake. Vilikuwa vitatu katika kila karatasi.

"Si mchoro, mzee. Ni kosa la mashine," tulijibu.

"Mashine haikuandika tangazo hili," akasema kwa upole. "Mmeliandika ninyi."

Hatukuwa na la kusema. Tulipoandaa tangazo lile, alama ilionekana vizuri kabisa kwenye kompyuta yetu: ﷺ. Ilitoka mikononi mwetu ikiwa kamili, ikafika karatasini ikiwa haipo. Tuliona kwamba ni wajibu wetu kujua ilipotelea wapi, kwa sababu jambo lililowapata wengine wengi kabla yetu litawapata na wengine baada yetu. Tuliyojifunza tunayaweka mbele ya wasomaji, hasa wazazi, walimu wa madrasa na makatibu wenzetu wa misikiti.

KILA HERUFI INA NAMBA

La kwanza ni kwamba kompyuta haijui herufi hata moja. Inachohifadhi ni namba tu. Ili maandishi yawezekane, watu walikaa wakakubaliana kwamba namba fulani itasimama badala ya herufi fulani. Makubaliano yaliyoenea zaidi hapo mwanzo yaliwekwa Marekani mwaka 1963, yakaitwa ASCII. Orodha hiyo ina nafasi 128 tu. Humo A kubwa ni 65 na a ndogo ni 97. Kiingereza kiliingia chote, na Kiswahili chetu cha herufi za Kilatini nacho kikaingia bila tabu, kwa kuwa hakina alama juu wala chini ya herufi.

Lakini alif na ba havikuwamo. Wala havikuwamo Kichina, Kihindi, Kihabeshi na maandishi mengine ya walimwengu. Matokeo yake kila nchi, na wakati mwingine kila kampuni, ikajitengenezea orodha yake. Namba moja ikawa herufi hii huku, na herufi nyingine kule. Barua iliyoandikwa vizuri katika mji mmoja ilifunguliwa katika mji mwingine ikawa mkorogo usiosomeka.

Dawa ya fujo hiyo ilikuwa orodha moja ya dunia nzima. Shirika la Unicode liliandikishwa California mwezi Januari 1991, na toleo la kwanza la orodha yake likatoka mwaka huohuo. Leo orodha hiyo ina herufi na alama zaidi ya 140,000. Alif ndani yake ni namba 1575, na mim ni 1605, iwe simu imetengenezwa Korea au Marekani, na mwenye simu awe Tanga, Muscat au Bujumbura.

Orodha hii ina kanuni moja ambayo mtoto wa madrasa anaweza kuielewa haraka kuliko mhandisi. Herufi ain ina maumbo manne: ikiwa peke yake, ikiwa mwanzo wa neno, ikiwa katikati, na ikiwa mwisho. Hata hivyo ni herufi moja. Unicode nayo imeipa namba moja, 1593, na kazi ya kuchagua umbo imeachiwa programu inayoonyesha maandishi. Namba ni ya herufi, si ya umbo.

NAMBA MOJA, MANENO MANNE

Kwa kanuni hiyo, mtu angetarajia kwamba sala na salamu za Mtume katika kompyuta zingeandikwa kwa herufi zake zote, moja baada ya nyingine: صلى الله عليه وسلم. Hizo ni herufi 15 na nafasi tatu za kutenganisha maneno, jumla 18.

Hata hivyo, mwaka 1993, katika toleo la 1.1, Unicode ilipokea fungu kubwa la maumbo ya maandishi ya Kiarabu, hasa kwa ajili ya kupatana na mifumo iliyokuwapo kabla yake. Ndani ya fungu hilo ndimo ilimoingia alama ﷺ, ikapewa namba yake peke yake: 65018. Maneno manne yakawa herufi moja. Ukiifuta, kitufe kimoja kinatosha kuyaondoa yote manne.

Wenye Unicode waliandika pembeni ya namba hiyo kwamba ikifumuliwa ni sawa na zile herufi 18. Katika orodha nzima ya dunia, hakuna namba nyingine inayofumuka ikatoa herufi nyingi kiasi hicho. Watengenezaji wa programu wanaijua vizuri sababu hii. Anayetaka kujua nafasi ya kuweka maandishi yanapofumuliwa hupima kwanza kwa alama ya kumswalia Mtume, rehema na amani zimshukie. Katika utaratibu wa kuhifadhi uitwao UTF-8, ambao ndio unaotumika zaidi leo, alama hiyo huchukua baiti tatu tu: 239, 183 na 186. Maneno yale yakiandikwa yote huchukua baiti 33, yaani mara kumi na moja.

Alama hii ina majirani. Namba 65010 ni jina la Allah lililoandikwa kwa mkupuo. Namba 65019 ni Jalla Jalaaluhu. Namba 65021, iliyoongezwa mwaka 2003, ni Bismillahir Rahmanir Rahim yote katika herufi moja. Kati ya hii na ile ya Mtume ipo tofauti inayofaa kuzingatiwa. Alama ya kumswalia Mtume, kompyuta imeambiwa kwamba ndani yake mna maneno. Ile ya Bismillahi haikuwekewa mfumuo wowote. Kwa kompyuta hiyo ni picha tu, mfano wa picha ya nyota au ya jua. Anayejua kwamba ndani yake mna jina la Mola wake ni msomaji peke yake.

Mwaka 2021, katika toleo la 14, ziliongezwa nyingine nyingi: za kuwaombea radhi Swahaba, mmoja, wawili au wengi, mwanamume au mwanamke, ya kuwaombea rehema waliotangulia, ya alayhis salaam, na za kumtukuza Allah kama Subhanahu wa Ta'ala na Azza wa Jalla. Ni hazina nzuri. Lakini kadiri alama ilivyo mpya, ndivyo hatari ya kugeuka kisanduku inavyokuwa kubwa, kwa sababu tunayoieleza sasa.

ILIPOTELEA WAPI

Namba haina sura. Sura inatoka katika fonti, yaani faili lenye michoro ya herufi lililomo ndani ya simu au kompyuta. Namba 65018 inapofika, kompyuta huenda kwenye fonti kuuliza: mchoro wa namba hii uko wapi? Ukiwapo, tunaona alama. Usipokuwapo, kompyuta huweza kuazima mchoro kutoka fonti nyingine. Na ikiwa haikupata kokote, au haikuagizwa kuazima, huchora kisanduku kitupu. Kisanduku hicho ni kauli ya mashine kwamba kitu kimefika, lakini haina mchoro wake.

Hilo ndilo lililotupata. Sisi tulipeleka tangazo kama maandishi, fonti tukaiacha katika kompyuta yetu. Kompyuta ya mchapaji ilikuwa na fonti nyingine, nzuri ya kupendeza macho, ambayo michoro yake ilikuwa ya herufi za Kilatini tu. Namba zetu zilifika zote salama. Mchapaji hakufuta kitu, nasi hatukusahau kitu. Kilichokosekana ni mchoro, na hakuna aliyekagua karatasi ya kwanza kabla ya 199 zilizofuata. Kosa hilo la mwisho ni letu.

Wengine hawaoni kisanduku. Huona baada ya jina la Mtume vijialama vitatu vya ajabu: ï·º. Hivyo navyo vina maelezo. Ni zile baiti tatu, 239, 183 na 186, zilizopaswa kusomwa pamoja kama namba moja. Programu iliyofungua faili ilidhani kwamba ni maandishi ya zamani ya Ulaya Magharibi, ikasoma kila baiti kuwa herufi kamili. Katika orodha hiyo ya zamani 239 ni i yenye vitone viwili, 183 ni kitone cha katikati, na 186 ni duara dogo la juu. Anayeona vijialama hivyo asihuzunike kwamba maneno yamefutwa. Yamo. Afungue faili upya kwa UTF-8, na alama itarudi mahali pake.

Upo upotevu mwingine usioonekana kwa macho. Mwanafunzi anayetafuta maneno ya sala ya Mtume ndani ya faili la kompyuta anaweza kuambiwa hayamo, ilhali yamejaa ukurasa mzima katika alama, kwa kuwa programu ya kutafuta haikufumua alama kabla ya kulinganisha. Vilevile ndugu zetu wasioona, wanaosomewa maandishi na sauti ya simu, wanategemea programu hiyo iwe imefundishwa kuitamka namba 65018. Kama haikufundishwa, wao hawatasikia kitu mahali ambapo sisi tunaona alama. Herufi kamili humfikia mtu kama huyo kwa urahisi zaidi.

HESABU YA MESEJI

Jambo lililotushangaza zaidi liko katika ujumbe mfupi wa simu, ambao kamati nyingi za misikiti huutumia kutangaza darsa, misiba na michango.

Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu hubeba baiti 140, wala hauzidi. Ukiandikwa kwa herufi za Kilatini, kila herufi huchukua biti 7, na hivyo zinaenea herufi 160. Lakini ikiingia hata herufi moja isiyomo katika orodha ya msingi ya simu, ujumbe wote hubadilisha utaratibu, kila herufi ikachukua biti 16, na nafasi zikashuka kutoka 160 hadi 70. Ukizidi hapo hukatwa vipande, kila kipande herufi 67, na kila kipande hulipiwa kama ujumbe kamili.

Tuchukue mfano. Tangazo lina herufi 125 pamoja na nafasi zake, na watu wa kupelekewa ni 300. Tukiongeza nafasi moja na alama ﷺ, zinakuwa 127. Ni zaidi ya 70, kwa hiyo zitakwenda vipande viwili, na tutalipia meseji 600. Tukiandika badala yake Swalla Llahu alayhi wa sallam kwa Kilatini, herufi zinakuwa 155. Ni chini ya 160, kwa hiyo ni ujumbe mmoja, na tutalipia 300. Mweka hazina anayeshangaa kwa nini gharama za meseji zilipanda mara mbili katika mwezi wa darsa za Sira, sababu inaweza kuwa ndiyo hii. Aliyeandika maneno yote kwa ukamilifu amelipa nusu ya yule aliyetaka kufupisha. Na si alama hii tu: hata ile koma ya juu iliyopinda, ambayo baadhi ya simu na kompyuta huiweka zenyewe katika maneno kama ng'ombe, huweza kuleta gharama hiyohiyo.

MAULAMAA WALITANGULIA

Tulipofika hapo tulikumbuka somo tulilolipita haraka tukiwa chuoni. Imam Ibnus Salah, mwanachuoni wa Damascus aliyefariki mwaka 643 Hijria, sawa na 1245 Miladia, katika kitabu chake mashuhuri cha elimu ya Hadith aliweka adabu za mwandishi. Alimtaka adumu kuandika sala na salamu kila linapotajwa jina la Mtume, asichoke kuzikariri hata zikijirudia mara nyingi. Akamtahadharisha na upungufu wa aina mbili. Wa kwanza ni kuzifupisha kwa herufi mbili tatu za kuashiria. Wa pili ni kupunguza maana yake, kwa mfano kuandika sala na kuacha salamu. Akaeleza pia kwamba hiyo ni dua anayoithibitisha mwandishi mwenyewe, si maneno anayoyanukuu, kwa hiyo asijifunge na nakala anayoinakili ikiwa haikuandikwa humo.

Je, alama ﷺ ni katika vifupisho vilivyokatazwa? Sisi hatutoi fatwa, na suala hilo tunawaachia masheikh wetu. Tunachoweza kusema ni kwamba mchoro wake umebeba maneno yote manne, tofauti na zile herufi tatu za Kilatini zenye nukta ambazo tumezizoea mno. Vitabu vingi vya dini vinavyochapwa huitumia, na ikichapwa sawasawa msomaji huikuta sala kamili. Tatizo ni kwamba ukamilifu huo uko katika mchoro, na mchoro, kama tulivyoona, hausafiri na namba. Aliyeandika herufi zote 18 ameweka maneno yenyewe ndani ya faili lake. Aliyeweka alama ameiachia fonti ya mtu mwingine imkamilishie dua.

NYUMBANI NA MSIKITINI

Kamati yetu imejiwekea utaratibu ufuatao, nasi tunaupendekeza kwa wenzetu. Katika meseji, tunaandika kwa Kilatini na kwa ukamilifu, au kwa Kiswahili: rehema na amani zimshukie. Katika matangazo ya kuchapwa, tunapeleka faili la PDF lililobeba fonti zake ndani, na hatuondoki kwa mchapaji mpaka tumeiona karatasi ya kwanza. Tunasoma jina la Mtume na kinacholifuata kabla ya kusoma tarehe na saa. Mafaili ya darsa na ya orodha za madrasa tunayahifadhi kwa UTF-8. Na alama yenyewe tunaitumia pale tunapojua hakika kwamba itaonekana.

Kwa upande wa wazazi, lipo jambo moja ambalo halihusu fonti. Simu nyingi za watoto wetu leo zina kibodi inayotoa alama hii kwa mguso mmoja. Ni wepesi tunaoushukuru. Lakini Allah ametuamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 56, tumswalie Mtume na tumsalimu, na Hadith imemwita bakhili yule ambaye Mtume hutajwa mbele yake asimswalie. Kidole kinapogusa, ulimi nao useme. Tukimkuta mtoto anaandika, tumuulize kwa upole: umeitamka? Akizoea hivyo tangu udogoni, hata siku ambayo simu yake itatoa kisanduku, kinywa chake kitakuwa kimekwisha kutimiza wajibu.

Tulizikusanya karatasi zilizokuwa zimegawiwa, tulizoweza kuzipata, tukaziunganisha na zilizobaki. Gharama ya kuchapa upya hatukuwa nayo. Baada ya Magharibi Ustadhi wa madrasa aliwaita wanafunzi wa darasa la juu, akawapa kalamu za wino mweusi na sharti moja, kwamba hakuna atakayeandika bila kutamka. Walikaa kwenye mikeka, karatasi mapajani, wakaandika juu ya kila kisanduku maneno yote manne. Yule mzee aliomba kalamu naye. Mkono wake unatetemeka sasa, lakini ain yake ilikuwa nzuri kuliko za wote, na watoto walisimama nyuma yake kutazama anavyoikunja. Ilipoadhiniwa Isha walikuwa wamebakiza karatasi zisizofika 20, wakazimaliza baada ya Swala.

Tunamuomba Allah atujaalie kuwa miongoni mwa wanaomswalia Mtume wake kwa ndimi, kwa kalamu na kwa nyoyo, na asituachie sisi wala mashine zetu kupunguza haki yake. Swalla Llahu alayhi wa sallam.